Ni fangasi kweli? Namna ya kuchunguza vidonda vya matumbawe, kamba, kaa na chaza kabla hujagusa dawa

Watu wengi wakiona doa kwenye tumbawe au mashavu meusi kwa kamba neno la kwanza linalowatoka ni fangasi, la pili ni "dawa gani". Hapa tunaenda kinyume chake kabisa: kwanza tunaangalia, tunapiga picha, tunaondoa vitu vinavyofanana, tunachukua sampuli kama kuna ulazima, dawa inakuja mwisho kabisa na mara nyingi haiji. Nasisitiza hivi sababu fangasi wengi wa baharini ni wa kuvizia, yani wapo siku zote, kwenye maji, kwenye mchanga, hata ndani ya mnyama mwenye afya yake, wanasubiri mnyama achoke ndo wapate upenyo. Ukimshughulikia fangasi peke yake ukaacha kile kilichomchosha mnyama, bado hujafanya kitu.

Ujue kwanza ugonjwa mmoja vizuri

Mimi naona mtu yeyote anayetaka kujifunza mambo haya aanze na ugonjwa wa mapepeo ya bahari, yale matumbawe laini bapa yaliyosimama kama wavu, jina lake la kisayansi Gorgonia. Ndo ugonjwa wa fangasi wa matumbawe uliochunguzwa kuliko yote. Mwaka 1995 mapepeo yalianza kufa kwa wingi visiwa vya Karibi, mwaka uliofuata watafiti wakatangaza kwamba wamepata fangasi wa jamii ya Aspergillus, na 1998 akatambuliwa rasmi kuwa Aspergillus sydowii. Cha ajabu huyu ni fangasi wa kawaida kabisa wa udongoni, nchi kavu, ila chumvi haimsumbui.

Dalili yake: katikati kuna kidonda ambapo nyama ya tumbawe imekufa, kiunzi cha kahawia au cheusi kimebaki wazi au mwani umeshaota juu yake, na kuzunguka kidonda kuna duara la zambarau iliyokolea. Sasa shika hili maana wengi wanalikosea: ile zambarau sio fangasi. Ni tumbawe lenyewe linajitetea. Seli zake za kinga zinakusanyika pale, melanini, yani rangi nyeusi ya kinga, inawekwa kuzuia nyuzi za fangasi zisisogee, na vile vijiwe vidogo vya chokaa vilivyo ndani ya nyama vinatengenezwa vikiwa na rangi kali. Kwa hiyo ukiona zambarau unachokiona ni vita, hujamuona adui bado, na adui anaweza kuwa mwingine kabisa.

Na kweli wapo wengine. Konokono mmoja anaitwa Cyphoma gibbosum anakula nyama ya mapepeo na kuacha njia ya makovu, tumbawe moto likigusana na pepeo linaacha alama, mwani ukisugua pale kila siku nao hivyo hivyo. Mapepeo yenye vidoa vingi vidogo vya zambarau vilivyotawanyika, bila sehemu iliyokufa katikati, hiyo ni hadithi nyingine: kuna vidusia vidogo vya jamii ya kopepodi, na kuna viumbe wa jamii ya labirinthula ambao sio fangasi ingawa zamani waliwekwa kundi moja. Konokono yule usimdharau lakini. Spora za Aspergillus, yani vijimbegu vyake vya kuzaliana, zimeonekana kupita tumboni kwake na kutoka kwenye kinyesi zikiwa bado hai, kwa hiyo anaweza kuwa mlaji na msambazaji kwa wakati mmoja.

Joto ndo linaloamua mengi hapa. Huyu fangasi anakua vizuri zaidi maji yakiwa karibu nyuzijoto 30, na kwenye joto hilohilo zile kemikali za tumbawe za kuzuia fangasi zinapungua nguvu, yani mshambuliaji anapata nguvu wakati mlinzi anachoka. Mbolea kwenye maji nayo inachangia. Kuna jaribio lilifanywa Mexico, matokeo yakatoka 2003, waliweka mbolea inayoyeyuka taratibu karibu na mapepeo yaliyokuwa yameshaugua na upotevu wa nyama ukakaribia mara mbili ya yale yasiyowekewa. Fikiria bomba la majitaka linalomwaga mwaka mzima linafanya nini. Kule visiwa vya Florida Keys, Marekani, mlipuko ulidumu miaka kama 6, zaidi ya nusu ya eneo la nyama ya mapepeo likapotea kwenye sehemu zilizofuatiliwa, mapepeo makubwa ya zamani yakaumia zaidi kuliko madogo, kisha ugonjwa wenyewe ukapungua bila mtu yeyote kumwaga dawa baharini.

Kuondoa vinavyofanana

Kabla hujaandika neno fangasi kwenye daftari lako pitia haya moja moja. Kama ni tumbawe gumu na kuna mkanda mweusi unaotenganisha nyama hai na kiunzi cheupe, huo ni mkanda wa bakteria wa kijani-buluu na wenzao, sio fangasi. Kama ni jeli ya kahawia inayochuruzika na kunuka, huwa imejaa siliata, vijidudu vinavyoogelea kwa vinywele. Kama tumbawe ni jeupe lote lakini ukisogea karibu unaona polipu, vile vinyama vidogo vinavyounda tumbawe, bado zipo na zinajikunja, hilo limepauka tu kwa joto, liko hai, liache lipumzike. Kama kuna mabaka meupe yenye mipaka safi angalia pembeni na chini, mara nyingi utakuta taji la miiba (kiti cha pweza chenye miiba mingi kinachokula matumbawe) au konokono wa Drupella wamejificha. Kama kiunzi chenyewe kimekwanguliwa ni samaki kasuku. Vijivimbe vya pinki kwenye Porites, jamii moja ya matumbawe magumu, vinaweza kuwa mnyoo wa jamii ya trematodi, na Porites kwa ujumla hutoa pinki au zambarau kwa kero yoyote ile, hata mwani ukimgusa tu, kwa hiyo rangi yake usiiamini peke yake.

Jambo lingine ni kwamba kwenye matumbawe magumu fangasi wapo ndani ya kiunzi hata kama mnyama ni mzima kabisa. Wanatoboa chokaa, wanawafuata mwani wadogo wa Ostreobium wanaoishi humohumo, na wakikaribia nyama tumbawe linawazibia kwa kuweka chokaa ngumu zaidi pale pale, vinatokea vijimlima vidogo ambavyo vilielezwa kwenye Porites za French Polynesia miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumekuta nyuzi za fangasi ndani ya tumbawe" jibu ni sawa, na kisha? Zipo kwenye matumbawe mazima pia. Swali la maana ni kama nyuzi zimeingia kwenye nyama hai na kama nyama imeharibika pale zilipo.

Kufuatilia kidonda

Picha moja haina kazi kubwa. Weka alama ya kudumu karibu na koloni, lebo ya plastiki kwenye msumari uliopigwa kwenye mwamba mfu, usiipige kwenye tumbawe lenyewe tafadhali. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni ya kidonda, umbali uleule na upande uleule kila ukirudi, moja ya koloni zima na moja ya ukingo wa kidonda. Andika kina, joto la maji, tarehe, na mambo ya karibuni kama mvua kubwa, maji machafu kutoka mtoni, ujenzi, wiki za joto kali. Rudi baada ya wiki chache. Ukingo ukiwa umesogea una ugonjwa unaoendelea, ukiwa umebaki palepale na nyama mpya inafunika basi mnyama anashinda, na hapo usichukue kipande chochote maana utamfungulia kidonda kingine bure.

Usiangalie wagonjwa tu. Hesabu na wazima kwenye eneo hilo hilo, tena pita kwa mstari uliopangwa sio unaogelea huku na huku ukifuata wanaoumwa, maana ukifuata wanaoumwa utarudi na habari kwamba mwamba mzima umekwisha.

Sampuli ikibidi

Kwanza ruhusa. Matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande kidogo kikivuka mpaka kinahitaji karatasi, na ndani ya nchi pia karibu kila mahali kuna kibali cha kukusanya. Usianze kazi bila hicho.

Utachukua kipande kidogo, sentimita chache tu, pale kwenye mpaka, yani nusu iwe nyama inayougua na nusu nyama inayoonekana nzima. Katikati ya kidonda hapakusaidii, pale kuna kila aina ya mchakuaji aliyekuja baada ya kifo na utaotesha wao badala ya mhusika. Chukua pia kipande kizima cha koloni hilohilo na kingine cha koloni jirani lisilo na tatizo. Mpangilio wa kukata ni mzima kwanza, mgonjwa mwisho, kila kipande na mfuko wake, glavu mpya na mkasi uliosafishwa.

Ukifika juu gawanya. Sehemu ya kuangaliwa kwa hadubini iende kwenye fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari, sehemu ya vinasaba iende kwenye ethanoli ya asilimia 95, sehemu ya kuotesha isuuzwe kwa maji ya bahari yaliyochemshwa na kupoa alafu ikae kwenye barafu bila kuganda na ifike maabara haraka iwezekanavyo. Maabara wakiuliza, chakula cha kuoteshea kitengenezwe na maji ya bahari, agari ya viazi inafaa, na iwekwe antibayotiki kama penisilini na streptomaisini bakteria wasijae sahani nzima. Kwenye vipande vya hadubini waombe rangi ya fedha ya Grocott, inawafanya fangasi waonekane weusi kwenye msingi wa kijani, au ile ya PAS inayowatoa rangi ya waridi iliyokolea. Rangi ya kawaida ya maabara peke yake inaweza kuwapitisha bila kuonekana.

Na wakishaotesha kitu bado kazi haijaisha. Spora ziko kila mahali, hewani, kwenye mikono, kwenye boti. Kuota kwenye sahani ni dokezo. Ushahidi unakuwa na uzito pale fangasi huyohuyo anaonekana ndani ya nyama iliyoharibika, anapatikana kwa wagonjwa kuliko wazima, akipandikizwa kwa mzima kwenye tangi lililofungwa ugonjwa uleule unatokea, na anatolewa tena pale. A. sydowii alipitishwa kwenye mtihani huo, ndo maana anaaminika. Halafu usifungue sahani zenye Aspergillus mezani ukavuta hewa yake, spora hizo hazifai mapafuni mwa mtu.

Kwenye matangi na mabwawa ya kamba na kaa

Hapa mambo yanakwenda mbio kuliko baharini. Mabuu ya kamba na kaa yanashambuliwa na Lagenidium, Haliphthoros na Sirolpidium, na ukiwa mzembe siku mbili tatu zinatosha kupoteza tangi zima. Utaona mabuu yamekuwa meupe, hayaogelei vizuri, yanashuka chini. Usisubiri. Chukua buu mmoja aliyelegea bado hajafa, tone la maji, kioo, hadubini ya kawaida tu. Kama ndani ya mwili kumejaa nyuzi zenye matawi zisizo na kuta za kukata kati, na nyingine zimetoboa ngozi na kutokeza nje, basi umepata jibu lako, na ukivumilia kidogo unaweza kuona spora zenye mikia zikitoka na kuogelea.

Hawa watatu sio fangasi wa kweli, ni oomiseti, ndugu wa mbali wa mwani wa kahawia, na hili sio suala la kitabuni tu kwa sababu dawa nyingi za fangasi zinalenga ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli za fangasi, au namna inavyotengenezwa, na hawa hawategemei hiyo kama fangasi wanavyoitegemea. Unamwaga dawa ya bei, mabuu yanaendelea kufa, unadhani dozi ni ndogo unaongeza. Malakaiti kijani ilitumika sana zamani lakini kwa mnyama atakayeliwa imepigwa marufuku nchi nyingi, iache kabisa. Na shaba usiifikirie, inaua wasio na uti wa mgongo kabla haijamaliza ugonjwa.

Kinachofanya kazi ni usafi na maji. Chuja maji kwa mchanga kisha kichujio chembamba, pitisha kwenye taa ya UV, mama mwenye mayai akae kwenye tangi lake na atolewe mara akishataga, mayai yasuuzwe kwa maji safi yaliyochujwa kabla ya kuhamishwa, mabuu yasisongamane, mizoga na mabaki ya chakula vitolewe kila siku kwa mpira. Tangi lililopata ugonjwa lisivutane vifaa na jirani yake, hata kikombe cha kuchotea. Likishaisha linaoshwa, linawekwa klorini, linasuuzwa, linakauka kabisa juani.

Kamba wakubwa wenye mashavu meusi wanaweza kuwa na Fusarium solani, huyu ni fangasi wa kweli, anapenda kuingia kupitia kidonda. Ila mashavu meusi yanatokana na vitu vingi sana: tope, madini kwenye maji, bakteria, upungufu wa vitamini C. Kata ncha ya shavu, weka kwenye kioo na tone la maji, tafuta nyuzi zenye vyumba na spora zilizopinda kama mtumbwi. Ukiziona, toa mgonjwa, angalia kinachowajeruhi wenzake, msongamano au kuta zenye ncha, maana tiba ya kuaminika ya kamba aliyeshaingiliwa ndani hakuna.

Kuna huyu mwingine ambaye wafugaji wanamuogopa kwa haki yao, EHP, Enterocytozoon hepatopenaei, aliyepewa jina 2009 kutoka kwa kamba wa Thailand. Ni mikrosporidia, ndugu wa karibu wa fangasi, anaishi ndani ya seli za ini-kongosho. Haui kwa kishindo, kamba anakula kawaida ila hakui, unashangaa bwawa moja lina kamba wa saizi zote. Kwa macho humuoni, ni PCR tu, yani kipimo cha vinasaba, au hadubini kwa mtu mzoefu. Dawa hana. Pima mbegu, yani kamba wachanga, kabla hujaingiza, wape wazazi chakula kilichogandishwa vizuri au kupashwa nyuzijoto 70 kwa dakika 10 badala ya minyoo hai, na bwawa likishavunwa likauke alafu chokaa kali isiyozimwa tani 6 kwa hekta ichanganywe na udongo kina cha sentimita 10 hadi 12, ilowanishwe, pH ya udongo ipande mpaka 12 au zaidi. Chokaa hiyo inaunguza macho na ngozi, vaa miwani na glavu na usimwage siku ya upepo.

Chaza, na kaa wa baridi

Kwa haraka tu. Chaza bapa wa Ulaya ana fangasi wa gamba, Ostracoblabe implexa, anayepenya gambani na chaza anajibu kwa kuweka vinundu vya kijani-kahawia upande wa ndani. Anashamiri maji yakipita nyuzijoto 22 na anakaa kwenye magamba ya zamani, kwa hiyo kusafisha magamba mafu kwenye eneo la ufugaji ni nusu ya kazi. Kaa wa Alaska, Chionoecetes bairdi, wanapata Trichomaris invadens, tabaka jeusi la fangasi juu ya gamba ambalo nyuzi zake zinashuka mpaka ndani ya mwili. Na ule ugonjwa maarufu wa chaza wa Marekani, Perkinsus marinus, ulipoelezwa 1950 uliwekwa kwenye fangasi na ukakaa huko miaka mingi mpaka ikaonekana sio. Kipimo chake cha kawaida hadi leo kinawekewa dawa ya kuua fangasi, nistatini, ili fangasi wasichafue matokeo wakati Perkinsus mwenyewe anaendelea vizuri tu.

Ukishajua, unafanya nini

Kwenye tangi la nyumbani lenye pepeo au tumbawe laini jingine linalougua: hamishia kwenye tangi la pembeni, kata kwa mkasi safi ukiingia sentimita moja au mbili ndani ya nyama nzima, tupa kile kipande usikirudishe tangini, ongeza mzunguko wa maji, shusha joto taratibu kama lilikuwa juu mpaka nyuzijoto 25 au 26, na pima naitreti. Watu wanatumbukiza kwenye maji ya ayodini kwa muda mfupi, inasaidia kusafisha jeraha la kukata, fuata dozi ya kwenye chupa na suuza, usiimwage kwenye tangi kuu. Vidonge vya fangasi vya binadamu mimi sishauri, tangi lina viumbe vingi ambavyo hukuvihesabu.

Baharini usikate wala usipake chochote kwa uamuzi wako. Unachoweza kufanya leo ni vifaa vyako: zamia sehemu nzima kwanza na yenye ugonjwa mwisho, usiguse, ukitoka nchi kavu toa mchanga na mabaki yote, loweka vifaa visivyoharibika kwenye maji yenye bleach ya asilimia 1 kwa dakika 10, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika vikauke kabisa. Regyuleta na koti la kuelea zinahitaji dawa nyingine ya kusafishia isiyokula mpira. Maji ya bleach yasirudi baharini.

Alafu peleka taarifa kwa wanaosimamia eneo hilo, na iandike kwa uangalifu. Usiandike "fangasi ameua mapepeo". Andika "vidonda vyenye duara la zambarau na kiunzi wazi katikati, koloni kadhaa kati ya idadi uliyohesabu, kina hiki, joto hili, ukingo umesogea kiasi hiki tangu picha ya kwanza, sampuli zimechukuliwa au hazijachukuliwa". Ambatanisha picha zenye rula, hata zile za koloni nzima zisizo na kidonda, maana anayesoma upande wa pili ataanza kwa kulinganisha hizo.